Wameniambia mama yangu atakuwa mgeni tu arusini

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, mtumishi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeokoka tangu usichana wangu. Mwaka jana rafiki yangu alinialika kwenye kikundi cha maombi kinachokutana nyumbani kwa mwalimu mmoja. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimechoka na ibada ambazo nusu yake ni matangazo, na pale watu walikuwa wanafungua Biblia mpaka usiku.

Baadaye mwalimu akaanza kutufundisha anachokiita siri ya Bibi-arusi. Anasema kanisa ni kitu kimoja na Bibi-arusi ni kitu kingine. Kanisa ni mwili, yaani wote waliookoka. Lakini Bibi-arusi anatolewa ndani ya mwili huo kama Hawa alivyotolewa ubavuni mwa Adamu. Ni wachache tu waliopokea ufunuo wa saa hii, na hao ndio watakaonyakuliwa. Wengine wote ni wanawali wapumbavu. Wataachwa wapite katika dhiki kuu, na wakivumilia watakuwepo kwenye karamu ya Mwana-Kondoo kama wageni waalikwa au watumishi.

Mama yangu alifariki akiwa mwimbaji wa kwaya katika kanisa analosali mume wangu hadi leo. Hakuwahi kulisikia fundisho hili. Nilipomuuliza mwalimu habari zake, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama yako atakuwa mgeni. Usilie, hata huo mwaliko ni heshima." Nililia njia nzima.

Mume wangu ni mzee wa kanisa. Kikundi kinasema kanisa lake ni Babeli, na kwamba nikilala na mtu asiye wa Bibi-arusi nachafua vazi langu. Tangu hapo nimehamia chumba cha watoto. Hajagomba. Anauliza tu, kila baada ya siku chache, kama kuna alichonikosea.

Kuna jambo jingine ninaloona aibu kulisema. Jioni moja nilirudi nikakuta mlango wazi, redio inaongea, viatu vya mtoto wangu mdogo viko kizingitini na ndani hakuna mtu. Nikajua wamenyakuliwa, mimi nimebaki. Nikaanza kuwapigia simu watu wa kikundi mmoja mmoja. Wa kwanza hakupokea, wa pili hakupokea. Wa tatu aliposema "haloo" nilishindwa kutoa sauti. Kumbe watoto walikuwa kwa jirani. Tangu siku ile, nyumba ikiwa kimya tu moyo unaanza kwenda mbio.

Sasa tunatakiwa kila mmoja anunue kwa mwalimu kitani nyeupe ya kuvaa kwenye mkesha. Nisaidie. Bibi-arusi wa Kristo ni nani hasa? Mimi nimo? Mama yangu yuko wapi? Na je, nijitenge na kanisa la mume wangu?

Mwenye kusubiri kwa hofu

JIBU

Dada yangu mpendwa, asifiwe milele.

Nianze na mumeo, maana yeye hawezi kungoja hadi somo liishe. Rudi chumbani kwako. Wakorintho walimwandikia Paulo kuhusu mambo ya ndoa, na katika sura ya saba ya waraka wa kwanza aliwajibu kwamba mke mwenye mume asiyeamini kabisa, mume huyo akiwa radhi kukaa naye, asimwache. Sura hiyohiyo inasema mume na mke wasinyimane, isipokuwa kwa kupatana, kwa muda, wapate kusali, kisha wajiane tena. Wewe hukupatana na mtu. Uliambiwa na mtu wa tatu. Na mumeo anaamini. Mwalimu anayehubiri arusi ya Mbinguni huku akivunja iliyopo duniani anapaswa kuulizwa maswali magumu. Mwambie mumeo kwamba hakukukosea kitu. Mwambie leo.

Sasa tuingie kwenye fundisho lenyewe, na tuanze na ule ubavu wa Adamu kwa sababu ndio nguzo yake. Katika Mwanzo, Hawa ametoka ubavuni mwa nani? Mwa Adamu, ambaye ndiye mume. Na Adamu wa mwisho, kwa maneno ya Paulo katika 1 Wakorintho 15, ni Kristo. Kwa hiyo mfano ukifuatwa hadi mwisho, Bibi-arusi anatoka kwa Kristo mwenyewe. Mwalimu wenu amemtoa mwanamke ubavuni mwa mwanamke mwingine, jambo ambalo Mwanzo haina. Waefeso 5 inaufunga mlango huo kabisa: mle, mwili wa Kristo na mke anayependwa ni kitu kimoja, na Paulo anapofika kwenye maneno ya mtu kuambatana na mkewe anasema, "Siri hiyo ni kubwa, ila mimi nanena habari ya Kristo na Kanisa." Siri imeshatajwa, na jina lake ni Kanisa. Hakuna nyingine iliyofichwa chini yake.

Na hebu tazama ni kanisa la namna gani. Kauli iliyo wazi kuliko zote ambamo mtume anawaambia watu wa mahali fulani kwamba wao wameposwa iko katika 2 Wakorintho 11:2: "naliwaposea mume mmoja, ili nimletee Kristo bikira safi." Korintho! Kanisa ambalo mtu mmoja alikuwa na mke wa babaye, ndugu walipelekana mahakamani, watu walilewa kwenye meza ya Bwana na wengine walisema hakuna ufufuo wa wafu. Aliwakemea vikali, wala hakusema dhambi hizo ni ndogo. Lakini hakuwagawa akasema wenye ufunuo wawe huku, waimba kwaya wawe kule. Aliwaposea wote kwa mume mmoja.

Endelea na sura hiyo uone anaogopa nini. Haogopi kwamba wangekosa kupanda daraja. Anaogopa walimu: kwamba kama nyoka alivyomdanganya Hawa, mtu angekuja na Yesu mwingine na roho nyingine, nao wangemvumilia. Mstari wa 20 unaeleza walivyovumilia: kutiwa utumwani, kumezwa, kutekwa nyara, kupigwa usoni. Usome ukiwa peke yako, polepole.

Wanawali kumi wametumiwa kuwatisha watu wengi, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Fungua Mathayo 25 umtafute bibi-arusi. Hayumo. Nakala chache za kale zina maneno "na bibi-arusi" mwishoni mwa mstari wa kwanza, ila katika Biblia tunazosoma hatajwi kabisa. Wale kumi ni wasichana wanaotoka na taa kumlaki bwana arusi, wote kumi wanamngoja mtu mmoja, na wote kumi wanasinzia na kulala, wenye busara nao wamo. Kinachowatenga ni mafuta. Halafu watano wasio na mafuta hawapewi kiti cha nyuma, wala hawaambiwi wapite dhiki kwanza ndipo waingie kama watumishi. Mlango unafungwa na wanasikia, "Amin, nawaambia, siwajui ninyi." Ni maneno mazito, na hayana daraja la pili ndani yake. Mwalimu wenu amechukua onyo la kuwa ndani au nje, akaligeuza kuwa mpangilio wa viti, kisha akamkalisha mama yako.

Hao wageni waalikwa nao? Wako Ufunuo 19. Mstari wa 7 unasema mke wa Mwana-Kondoo amejiweka tayari, mstari wa 9 unasema, "Heri walioalikwa karamu ya arusi ya Mwana-Kondoo." Ni maono yaleyale na watu ni walewale, wakitazamwa wote pamoja kama mke, kisha mmoja mmoja kama walioitwa. Maono hufanya hivyo. Sura mbili mbele, malaika anamwambia Yohana njoo nikuonyeshe Bibi-arusi, na Yohana anaonyeshwa mji! Malango yake kumi na mawili yana majina ya kabila za Israeli, misingi yake ina majina ya mitume. Ukitaka kujua nani yumo, mji huo unajibu vizuri kuliko hesabu ya mtu yeyote: watu wa agano la kale na la jipya ndani ya ukuta mmoja. Waebrania 11 inasema Ibrahimu alikuwa akiutazamia mji wenye misingi, na kwamba Mungu amewatengenezea mji watu wa aina yake. Aliyekuwa akiutazamia, atakaa nje akipokea makoti?

Kwa haki lazima niseme kwamba Wakristo wema hawakubaliani katika kila kipande. John Nelson Darby, mhubiri wa karne ya 19, alifundisha kwamba Israeli na Kanisa ni watu wawili tofauti wa Mungu, na Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotoka 1909, ilieneza fundisho hilo mbali sana: Kanisa ni Bibi-arusi, na Israeli ni mke wa Yehova. Wengi wa mlengo huo humweka Yohana Mbatizaji miongoni mwa wageni kwa kuwa alijiita rafiki yake bwana arusi. E. W. Bullinger, mwalimu Mwingereza wa Biblia, aliligeuza: akasema Bibi-arusi ni wa Israeli, nasi ni mwili. Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti wengi huona watu wa Mungu kuwa wamoja tangu mwanzo. Mimi niko na hao wa mwisho, kwa sababu ya ule mji. Lakini angalia: Darby na Scofield, pamoja na kugawa kwao kote, walimhesabu kila aliyezaliwa mara ya pili tangu Pentekoste kuwa ndani ya Bibi-arusi. Kwa kipimo chao mama yako hana shida yoyote.

Kuwachuja waamini ndani ya Kanisa ni jambo jingine, na lina historia ndefu. Robert Govett, mwalimu Mwingereza wa karne ya 19, alisema watakaonyakuliwa kwanza ni waamini wanaokesha tu. Baadhi ya Wabaptisti wa Marekani, katika vuguvugu lililoanza miaka ya 1850, walifikia kusema Bibi-arusi ni Wabaptisti wa kweli peke yao. Mashahidi wa Yehova wanasema ni watu 144,000, na tangu 1935 wanafundisha kwamba umati mkubwa wa waaminifu wengine utaishi duniani. William Branham, mhubiri Mmarekani aliyefariki 1965, alimtenga Bibi-arusi na kanisa la kawaida na kuwapeleka wanawali wapumbavu katika dhiki. Sijui mwalimu wenu amechota kisima gani. Ila soma orodha hiyo tena uone jinsi kiongozi anapofika mwisho wa hesabu anavyojikuta yeye yuko ndani. Bado sijasikia mwanzilishi wa fundisho kwamba Bibi-arusi ni kikundi kidogo teule akisema kwamba yeye mwenyewe hayumo.

Shauri hili ni la kale kuliko hao wote. Baada ya mateso yaliyoanza 303 chini ya Diocletian, mfalme wa Roma, Wadonati wa Afrika Kaskazini walijitenga wakisema Kanisa la kweli ni lile safi, lao, lisilochafuliwa na viongozi waliosalimisha Maandiko kwa watesi. Walipenda sana maneno ya Waefeso kuhusu Kanisa "lisilo na ila wala kunyanzi". Askofu Augustino wa Hipo, naye mtu wa huko huko, aliwajibu kwa miaka mingi kwamba ngano na magugu vinakua pamoja hadi mavuno. Uzeeni, alipopitia upya vitabu vyake, akaandika kwamba popote alipolitaja Kanisa lisilo na kunyanzi, asieleweke kana kwamba liko hivyo sasa. Linaandaliwa liwe hivyo litakapotokea katika utukufu. Mimi naona hapo ndipo penye ufunguo. Usafi wa Bibi-arusi katika Waefeso 5 ni kazi ya mume: yeye ndiye alitakasaye, alisafishaye, ajileteaye. Kwa Wayahudi wa wakati ule mchumba alihesabiwa kuwa mke tayari, ndiyo maana Yusufu aliazimu kumwacha Mariamu kwa siri wakati hawajakaa pamoja. Umekwisha kuposwa, dada. Huko kuandaliwa kunaendelea.

Nisije nikaeleweka kwamba mwenendo si kitu. Kitani ya Ufunuo 19 ni matendo ya haki ya watakatifu, na katika Mathayo 22 kuna mtu aliyetupwa nje kwa kuingia bila vazi la arusi. Ukiishi katika dhambi ukijifariji kwamba umeposwa, unajidanganya. Ila mstari huohuo wa kitani unasema amepewa kuvikwa. Hakuuziwa. Kwa hiyo usinunue hiyo nguo.

Mama yako. Wathesalonike walikuwa na swali lako lilelile: wapendwa wetu waliokufa kabla Bwana hajaja, watakosa? Paulo akawajibu kwamba sisi tulio hai "hatutawatangulia wao waliokwisha kulala mauti", na kwamba waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza. Maneno yanayofuata, ya kunyakuliwa mawinguni, ndiyo mnayotishwa nayo kila wiki. Yaliandikwa kwa watu waliofiwa, na yanaisha kwa agizo: "farijianeni kwa maneno hayo." Kama mama yako alikufa akimwamini Kristo, hayuko nyuma yako kwenye foleni. Yuko mbele.

Unauliza kama umo. Je, unamwamini Mwana-Kondoo, unatubu unapoanguka, unatamani aje? Basi umo, na hakuna kikao cha usiku kinachoweza kukuongezea au kukupunguzia hilo. Bibi-arusi anasema mara moja tu mwishoni mwa Biblia, pamoja na Roho, na neno lake ni "Njoo!"; na hapohapo mwenye kiu anaambiwa aje, atakaye ayatwae maji ya uzima bure. Sauti yake inaita watu waingie. Ukikisikia kikundi ambacho kazi yake kubwa ni kutangaza nani hayumo, kinaongea kwa sauti nyingine.

Kabla hujaondoka huko, kama una nguvu, muulize mwalimu swali moja mbele ya wenzako: mtu akikiacha kikundi hiki lakini akaendelea kumpenda Yesu, bado ni wa Bibi-arusi? Akisema ndiyo, muulize kwa nini basi mama yako hayumo. Akisema hapana, mtakuwa mmejua wote kwamba "Bibi-arusi" pale ni jina la kikundi. Kama huna nguvu, usimuulize, ondoka tu. Huna deni la kuaga. Kiu uliyokuwa nayo ya kusoma Biblia hadi usiku ni njema, na matangazo ya nusu ibada kweli yanachosha. Mwombe mumeo, kwa kuwa ni mzee, aanzishe kipindi hicho kanisani kwenu, nawe uwe wa kwanza kufika.

Ile jioni ya viatu kizingitini mweleze pia, yote. Naamini hajui kinachoendelea ndani yako. Usiku wa mkesha kaa nyumbani, na usingizi ukikataa mwamshe muombe pamoja. Moyo ukiendelea kwenda mbio baada ya wiki kadhaa, nenda hospitali ukazungumze na mtaalamu wa afya ya akili. Hofu ya namna hiyo hutibika na kwenda kwako si upungufu wa imani. Watoto wako nao wachunguze taratibu. Kama walikuona siku ile, au kama wamewahi kukaa kwenye vikao hivyo, huenda nao wanahesabu watu ndani ya nyumba kila wakiamka.

Niandikie tena mwalimu akishajibu.